Tupime maneno sawa vile tunapima mukuba

Kila mwaka tarehe 4 Desemba, siku ya Sainte-Barbe, mulinzi wa wachimbaji, maneno inakuwa mikubwa hapa kwetu. Kuanzia Kolwezi mpaka Nzilo, mu misa, mu hotuba na mu karamu, tunasikia yale yale: baraji ya Nzilo ni ya kwanza mu inchi, mustari wa umeme wa Inga mpaka Kolwezi ni murefu kuliko yote ya dunia, wakati wa Gécamines tulikuwa wa kwanza duniani kwa mukuba, na Muzungu Jules Cornet njo aligundua mali ya Katanga. Watu wanapiga makofi. Kesho yake watoto wanaandika maneno ile mu kaye zao, na mwaka unaofuata hotuba ingine inaichukua tena kama vile ni Injili.

Sisi watu wa sendika hatukatae sifa. Mutu anayeshuka chini ya udongo juu ya kulisha jamaa yake ana haki ya kusifiwa. Lakini tuko na desturi moja ya kazi: kitu kinapimwa mbele ya kuuzwa. Creuseur akileta mifuko yake ku depo, mununuzi anaweka chombo ku jiwe, anasema: teneur ni hii. Na kila mutu wa Kolwezi anayua namna teneur inaweza kushushwa juu ya kumuibia mutu jasho yake. Ndiyo maana tunapiga kelele, tunaomba mizani ya haki. Sasa, kama tunakataa mizani ya uongo juu ya mawe, namna gani tunaikubali juu ya historia yetu? «Ya kwanza», «kubwa kuliko zote», «haijaonekana tangu dunia iumbwe»: nayo ni teneur. Lazima ipimwe.

Tuanze na Nzilo, maana ni nyumbani.

Baraji yetu iko ku Lualaba, fasi muto unaingia mu makorongo ya mawe, upande wa kaskazini ya Kolwezi. Union Minière du Haut-Katanga njo iliijenga, na ilianza kutoa umeme mu 1952. Wakati ule iliitwa Delcommune, jina ya Mubeleji Alexandre Delcommune, ambaye musafara wake ulipita huku Katanga mu 1891 na 1892. Iko na mashini ine, na nguvu yake yote ni megawati 108.

Ni ya kwanza mu inchi? Hapana. Hata huku Katanga haiko ya kwanza. Mwadingusha, ku muto Lufira, ilianza mu 1930, miaka 22 mbele ya Nzilo. Koni, vilevile ku Lufira, ilianza mu 1950. Ni kubwa kuliko zote? Hapana tena. Nseke, ku Lualaba hii hii, ilikuja nyuma mu 1956, na nguvu yake ni megawati 248, mara mbili na zaidi ya ile ya Nzilo. Na tukienda mpaka ku Inga, mu Kongo ya Chini, Inga ya pili peke yake, tangu 1982, iko na megawati 1.424.

Basi Nzilo haina sifa? Iko nayo, tena muzuri. Kati ya baraji ine Union Minière ilijenga juu ya migodi yake, Nzilo ni ya kwanza ku Lualaba. Zile mbili zilizotangulia zilikuwa ku Lufira. Na kati ya zile ine, ni ya pili kwa nguvu, nyuma ya Nseke. Hii mutu anaweza kuisema mbele ya injinia yeyote, hatamucheka. Angalia vile sifa ilipata ukweli: tuliiwekea mipaka. Tukasema muto gani, mwaka gani, kati ya zipi. Neno kubwa lisilo na mupaka ni sawa na shimo bila nguzo: linapendeza kwa macho mpaka siku linaanguka.

Kuko jambo lingine. Tukishindana juu ya ukubwa wa baraji, tunaangalia ukuta tu na tunasahau mikono. Ukuta wa Nzilo haukusimama kwa jina ya Delcommune. Yeye alipita na musafara, akaenda. Walioponda mawe, waliobeba simenti, waliochimba njia ya maji, ni wazee wetu. Ndani ya mabanda ya familia kungali picha na kitabu ya kazi yao. Hotuba inayosema «kubwa kuliko zote» haina nafasi ya kuwataja. Hotuba inayosema «ilianza mu 1952, na hawa njo walikuwamo» iko nayo.

Sasa mustari wa Inga mpaka Kolwezi. Hapa hesabu ni ya namna ingine. Ule mustari ni wa umeme wa muondo mumoja, wenye kutembea upande mumoja tu bila kugeuka-geuka, na urefu wake ni kilometa 1.700 na zaidi kidogo. Ulianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa Mobutu. Na kweli, kati ya mistari ya namna yake, ulikuwa murefu kuliko yote ya dunia, kwa miaka mingi. Mwenye kusema vile mu 1990 alisema ukweli.

Lakini mu 2010 Wachina walimaliza mustari wao wa Xiangjiaba mpaka Shanghai, karibu kilometa 1.900. Nyuma yake Brazili ikajenga mingine mirefu zaidi, na mu 2019 Wachina tena wakafungua mumoja unaopita kilometa 3.000. Kwa hiyo neno la haki ni «ulikuwa». Si haya. Mutu aliyekuwa bingwa wa mbio kijana hasemi angali bingwa na fimbo mu mukono. Anasema: nilikuwa. Na watu wanamuheshimu.

Tena, urefu ni kipimo cha nani? Mustari ule ulivuka inchi karibu nzima, kutoka muto Kongo mpaka kwetu, na vijiji vingi chini yake vilibaki mu giza, maana umeme wa namna ile haushukishwe njiani bila mitambo ya bei kali. Ulijengwa juu ya migodi. Mama mwenye kupika na makala chini ya nguzo zake alisikia vilevile kwamba uko murefu kuliko yote ya dunia. Ile sifa haikumupatia hata lampi moja. Ndiyo maana tunasema: mara nyingi neno kubwa linafunika swali dogo. Urefu, ndiyo. Na moto ulifika kwa nani?

Ya tatu inatugusa ku roho, juu wazee wetu wanaipenda: «Zamani tulikuwa wa kwanza duniani kwa mukuba.» Tunaelewa nini wanataka kusema. Mu 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476.000 za mukuba. Ni kazi kubwa. Lakini wa kwanza duniani hatukuwa. Chile na Marekani walikuwa mbele yetu. Hata jirani zetu Wazambia, mwishoni mwa miaka ya 1960, walipita tani 600.000 kwa mwaka. Fasi tulikuwa wa kwanza kweli ni ku kobalti, na mpaka leo inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Ile ni hesabu ya inchi, haiko ya muji wa Kolwezi peke yake. Wandugu wa Fungurume na wa Likasi wako ndani yake.

Kisha angalia vile hesabu inageuka. Mu 1994 Gécamines haikufika hata tani 50.000 za mukuba. Leo, na kompanyi zote hizi za kigeni, inchi inatoa zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka. Kwa kipimo cha tani, wakati wa sasa unashinda wakati wa baba zetu mara ine na zaidi. Kwa nini basi wazee wanasema zamani ilikuwa juu? Kwa sababu wao hawapime tani. Wanapima unga wa posho kila mwezi, nyumba ya kampi, hospitali, shule ya watoto yenye vitabu. Wanachanganya vipimo viwili, lakini njaa yao ya ukweli iko sawa. Kama wangesema: «Zamani mukuba ulikuwa kidogo kuliko leo, lakini nyumbani kwa mufanyakazi ulionekana», hakuna mukubwa wa kompanyi angeweza kuwajibu. Wakisema «tulikuwa wa kwanza duniani», kijana wa biro anafungua telefone yake, anasoma hesabu ya Chile, anacheka, na neno lote la mzee linatupwa pamoja na ile hesabu.

Hapa njo jambo linakuwa zito kwetu watu wa sendika. Ukiingia mu chumba cha mazungumuzo na kaye ya madai, upande wa pili kuko watu waliosoma, wenye mashini za hesabu na avoka. Hawatafute fasi uko na haki. Wanatafuta fasi moja tu umekosa. Uandike «huu mugodi ni tajiri kuliko yote ya dunia», wataleta karatasi ya kuonyesha mugodi mwingine, na saa mbili zitaisha juu ya neno ambalo halikuwa dai. Uandike «mugodi huu ulitoa tani hizi mwaka huu, na mushahara wa mufanyakazi wa chini ni huu», watakosa mulango wa kutokea. Hesabu ndogo yenye ukweli inabeba muzigo. Neno kubwa lenye uongo linabebwa.

Tuje kwa Jules Cornet. Tunasikia kila fasi kwamba yeye aligundua mali ya Katanga, na kwamba aliiita «scandale géologique». Cornet alikuwa Mubeleji, mutu wa elimu ya mawe, mu musafara wa Bia na Francqui. Alifika huku mu 1892, wiki chache nyuma ya kuuawa kwa Mwami Msiri, tarehe 20 Desemba 1891. Kazi yake ilikuwa kubwa: aliandika mu vitabu vya kizungu mawe gani iko fasi gani, na kompanyi zilifuata maandishi yake. Union Minière yenyewe ilizaliwa mu 1906.

Lakini kugundua? Hata kati ya Wazungu hakuwa wa kwanza kufika. Mujerumani Paul Reichard alifika kwa Msiri mbele yake, na mumisionere Frederick Arnot aliishi Bunkeya tangu 1886. Na hawa wote walikuta nini? Walikuta watu wanayeyusha mukuba. Wazee wetu Basanga na Bayeke walikuwa wanajua vilima gani viko na jiwe la kijani, walikuwa na tanuru za udongo, na miiko ya kazi. Walikuwa wanatengeneza misalaba ya mukuba iliyotembea ku masoko ya mbali kama franga. Mu 1957 na 1958 wachimbuzi wa mambo ya kale walifungua makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wakakuta misalaba ile pamoja na wafu waliozikwa karne nyingi mbele ya Muzungu yeyote. Mu 1960 misalaba mitatu iliwekwa ku bendera ya Katanga. Hatuwezi kuinua bendera ya misalaba asubuhi, na muchana kufundisha watoto kwamba mukuba uligunduliwa mu 1892.

Unaona? «Wa kwanza» si hesabu tu. Ni haki. Kila mara tunasema Fulani alikuwa wa kwanza, tunafuta wale waliokuwa mbele yake. Na waliofutwa, mara nyingi, ni watu wetu wenyewe: wachimbaji wasio na jina. Leo tunawaita creuseur na tunawafukuza ku vilima kama wezi. Mutoto akiyua kwamba kuchimba mukuba kwa mikono ni kazi ya babu wa babu yake, ataangalia ile kazi na macho ingine.

Shinkolobwe nayo ni vile vile. Wengi wanasema uraniomu yote ya bomu za 1945 ilitoka kwetu. Ilitoka kwetu sehemu kubwa, ile tajiri sana, lakini ingine ilitoka Kanada na Marekani kwenyewe. «Sehemu kubwa» inatosha juu ya kuomba heshima kwa wale walioigusa na mikono mitupu, bila kuambiwa nini wanabeba. Hatuhitaji «yote».

Sasa tunafika ku fasi ngumu zaidi: wafu. Na hapa tunaomba wandugu watusikie vizuri.

Siku tano nyuma ya Sainte-Barbe kuko tarehe ingine, 9 Desemba. Mu 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara. Ku Lubumbashi, ile wakati Élisabethville, waliitwa ku uwanja wa mupira, na asikari wakapiga bunduki. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina ya wenzake, aliuawa pale. Wakoloni wenyewe waliandika wafu 48 na wenye vidonda 74. Hesabu zingine ziko juu zaidi, zingine zinakaribia mia. Tunasikia watu wakisema «mauaji makubwa kuliko yote», na hesabu inapanda kila mwaka, kama vile 48 haitoshi kuliwa na uchungu.

Inatosha. Mutu mumoja aliyeuawa juu ya kuomba mushahara anatosha. Na 48 iko na nguvu ambayo mia tano haina: ni hesabu ya yule aliyepiga bunduki. Hawezi kuikana. Tuseme: «wasiopungua 48, kwa kalamu ya wakoloni wenyewe; wengine wanahesabu zaidi». Pale tumesimama ku mwamba.

Vilevile ku Kolwezi. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliangukia wachimbaji ku shimo ya KOV. Mu siku chache tulisikia hesabu tatu-ine mbalimbali, mpaka wakubwa wa provensi wakatangaza 43. Mara moja watu wakaanza kushindana: ni ajali kubwa kuliko ile, ni ndogo kuliko ingine. Wafu hawako mu mashindano. Mujane hahitaji bwana yake awe mu ajali kubwa kuliko zote. Anahitaji jina lake liandikwe, bila kosa ya herufi, mu kitabu chenye tarehe, juu siku moja mutoto akiomba haki yake, jina lipatikane. Kazi yetu ya kwanza nyuma ya ajali ni orodha ya majina. Neno «kubwa» litangoje.

Mutu atasema: mukianza kupunguza sifa, mutaua heshima ya muji. Hapana. Angalia Kimberley, ku Afrika ya Kusini. Kwa miaka mingi muji ule ulijisifu kwamba shimo yake ya almasi ni kubwa kuliko zote zilizochimbwa na mikono ya watu duniani. Mu 2005 mutu mumoja wa historia, wa Kimberley kwenyewe, alipima upya maandishi ya zamani. Akakuta kwamba shimo ya Jagersfontein ilichimbwa na mikono juu ya hektari 19 na zaidi, na ya Kimberley juu ya hektari 17. Kwa kushuka chini Kimberley ilishinda: metri 240, na Jagersfontein 201. Basi mumoja ni upana, mwingine ni urefu wa kwenda chini. Kimberley haikufa. Wageni wanaendelea kuja kuangalia shimo, na sasa wanaambiwa jambo la kweli.

Na Jagersfontein, na sifa yake mupya? Tarehe 11 Septemba 2022 bwawa ya takataka ya mugodi ilipasuka pale, matope ikabomoa nyumba za watu. Sifa ya shimo kubwa haikushika ukuta. Tunaomba wandugu wa Kolwezi, tunaoishi kando ya mabwawa kama yale, wafikiri juu ya hii. Afazali muji usio na sifa na uko na mupimaji wa ukuta kila mwezi.

Kwa hiyo tunatoa kipimo. Kila mara mutu anasema «ya kwanza» ao «kubwa kuliko zote», tumuulize maswali matano, bila matusi, na heshima ya mzee kwa mzee. Wapi: ku kijiji, ku provensi, mu inchi, ao duniani? Lini: mwaka gani, na ni vile mpaka leo? Kwa kipimo gani: tani, megawati, kilometa, ao namba ya watu? Nani alihesabu, na karatasi iko wapi? Na swali la mwisho, lile tunalipenda zaidi: nani anabaki inje ya ile sifa?

Walimu wa Kolwezi na wa Nzilo, mufundishe watoto maswali haya mbele ya kuwafundisha majibu. Ma-delege wa sendika, mufute mu kaye za madai kila neno kubwa lisilo na hesabu kando yake. Nyinyi mutakaoshika mikro ku Sainte-Barbe inayokuja, mutaje mwaka, mutaje muto, mutaje majina.

Na nyinyi bamama na watoto wa wafanyakazi wa zamani, musitupe karatasi za baba. Kitabu ya kazi, karatasi ya posho, picha ya ekipe mbele ya mashini, barua ya kufukuzwa: zile njo mizani yetu. Hotuba zinapita na upepo. Karatasi yenye jina, tarehe na muhuri, hata ikiliwa nusu na panya, inaweza kusimama mbele ya jaji.